Barua kwa mwanangu mwenye ufa kwenye muundi

Eldoret

Mwanangu mpendwa,

Pole sana kwa mguu. Unasema eksirei haikuonyesha kitu hadi ulipopigwa picha ya MRI, na sasa wenzako wa timu huko chuoni wanakushauri ulipie chemba ya oksijeni ili uwahi msimu wa mbio za nyika.

Chemba hiyo naifahamu. Mgonjwa hufungiwa ndani, mgandamizo wa hewa ukapandishwa mara 2 au zaidi ya kawaida, naye akavuta oksijeni tupu kwa saa 1 au zaidi kidogo. Huwaokoa wapiga mbizi waliopanda juu haraka mno na watu waliolewa moshi wa makaa. Lakini kuhusu mifupa iliyovunjika, watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua majaribio ya tiba, walipopekua mwaka 2012 hawakupata jaribio hata moja la kutegemea. Pesa yako usiitoe.

Umezaliwa Iten, mwanangu, mita 2,400 juu ya bahari. Mifupa yako imekomaa kwa hewa nyepesi kuliko hiyo ya huko. Hukupungukiwa oksijeni.

Mfupa unaopigwa kila siku huchakaa, na mwili huondoa kwanza sehemu iliyochoka ndipo ujenge mpya. Ukikimbia kabla ujenzi haujaisha, ufa hupanuka. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8. Ila ufa wa mbele ya muundi ni mkaidi, kwa kuwa upande ule huvutwa kila hatua na damu yake ni haba. Muulize daktari wako ni upande gani.

Na kuna hili, ambalo nakusihi usimfiche daktari. Desemba uliniambia hedhi imekatika, na kwamba wasichana wengi wa timu wako hivyo. Wawe wengi, bado si sawa. Mwili ukipewa chakula kisichotosha mbio unazoutwika, hufunga hedhi. Homoni ya kike hushuka na mfupa hudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliita tatizo hilo RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Linawapata wavulana pia. Omba upimwe vitamini D na madini ya chuma. Ule ushibe: wali, viazi, maharagwe, mayai, maziwa, hata siku za kupumzika, maana mfupa unajengwa siku hizo. Anayekuambia upungue uzito ndipo uende kasi, usimsikilize, hata akiwa kocha.

Daktari akiruhusu, kimbia ndani ya maji. Msimu huu uache.

Nitumie majibu ya vipimo mara tu yakitoka. Baba yako anakusalimu.

Mama