Hesabuni jongoo, si miche peke yake

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu marehemu mume wangu akilinunua pale feri kila jioni, na sijapata kuwaandikia hata siku moja. Lakini habari yenu ya upanzi wa miti huku Likoni, na ile picha ya waheshimiwa wameshika miche ya mikaratusi, siwezi kuinyamazia. Mlitaja idadi ya miche. Chini yake palikuwa na nini kabla haijapandwa, hamkuuliza.

Mimi naulizia kwa sababu yalinifika. Miaka sita iliyopita watu wa mradi mmoja walikuja kwetu Shika Adabu wakamwambia kakangu boriti zina soko. Akakubali. Wakafyeka vichaka vyote vya shamba la babetu, wakaangusha mikwaju, wakapanga mikaratusi mistari kama askari wa gwaride. Mti huo hukua upesi, sikatai. Ila majani yake ni magumu, yana mafuta makali, wadudu wa udongo hawayapendi, nayo hulala chini miezi na miezi. Juzi baada ya mvua nilichukua jembe nikachimba pale: juu pamelowa, kina cha kidole ni vumbi tupu, maji yameteleza yakaenda zake. Nyungunyungu hakuna. Jongoo hakuna. Nikaenda mpakani kwenye mkwaju mmoja uliosalimika. Pigo la kwanza la jembe, udongo mweusi unanukia, jongoo wamejikunja kama vifungo vya koti, tandu akatoka mbio. Kuku wangu hawakusomea haya, lakini asubuhi nzima wako chini ya mkwaju wanapekua. Kwenye mikaratusi hupita tu. Kwale waliokuwa wakilia alfajiri siwasikii tena, na tumbili wamehama. Watakula nini?

Na mfano hauko mbali, uko Bamburi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya saruji, mahali pasipo na udongo kabisa. Alijaribu aina 26, zikaishi tatu, na mvinje ndio ulioshamiri. Vijiti vyake vikaanguka vikarundikana, havikuoza. Mpaka alipoona jongoo wenye miguu myekundu wanavitafuna, akawaleta kwa wingi, na kinyesi chao ndicho kilichofanya rutuba. Baada ya hapo ndipo miti mingine ikaweza kupandwa na wanyama wakaingia. Yule alianzia jiwe tupu, akamfikiria jongoo. Sisi tulikuwa na udongo tayari, tukaufukuza uhai wake!

Tena maadamu nimeshika kalamu, kunguru wa Kihindi je? Naye aliletwa Zanzibar karne ya 19 ili ale takataka, na leo Mombasa nzima ni yake. Hula mayai ya ndege wetu, hunyakua vifaranga vyangu mbele ya macho yangu, na takataka bado zimejaa kila kona ya mtaa. Mwarobaini nao ni mgeni; ndege na popo hula tunda lake wakatema mbegu hadi ndani ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kiumbe kikishaletwa, nani atakirudisha?

Najua serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Basi naomba hivi: kabla mgeni wa heshima hajapanda mche mpya, apewe jembe achimbe shimo la kina cha mkono chini ya miti iliyopandwa miaka mitano nyuma, baada ya mvua za Mei, ahesabu jongoo na nyungunyungu mbele ya watu. Nanyi mchapishe idadi hiyo ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile mlizochapishia idadi ya miche. Wakikosa pa kuanzia, waje kwetu. Jembe ninalo.

Msomaji wenu,
Shika Adabu, Likoni