Salehe, usinunue koili nyingine kwanza

Tanga

Ndugu yangu Salehe,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na poleni sana na huko kusukuma gari barabarani. Volkswagen ya 1972, hii kobe yenye injini nyuma, ni gari la kulitunza, na tatizo hili la injini kuzima njiani, linalokuja na kuondoka, linapatikana. Ila halipatikani kwa kubadilisha vifaa. Umeshanunua koili (kile kifaa kinachokuza umeme wa plagi), plagi na betri, na gari bado linazima, kwa hiyo tusimamishe manunuzi kwanza. Injini inayokufa ghafla kisha ukiipiga baada ya dakika kumi ikawaka bila kutengenezwa mara nyingi ina kiungo kilicholegea au kilichooza, mahali waya unapogusana na chuma. Kondensa (kile kikopo kidogo cha kwenye distributa) au koili ikipata joto nayo huweza kufanya hivyo, lakini hilo tutalijua kwa kupima.

Likizima safari ijayo, kabla hujafika pembeni mwa barabara, kanyaga klachi na utazame taa mbili za dashibodi: ya chaji na ya oili. Klachi ni lazima, maana gari likiwa kwenye gia magurudumu yanaendelea kuizungusha injini na taa hazitawaka. Zikiwaka zote mbili, umeme unapita kwenye swichi ya ufunguo, na kosa liko nyuma yake: waya mweusi unaokwenda kwenye koili, koili yenyewe, distributa inayogawa umeme kwenye plagi, au ni petroli. Zisipowaka kabisa, anza na swichi na waya wake mwekundu unaotoka kwenye betri. Angalia pia namna linavyokufa. Umeme ukikatika injini hunyamaza papo hapo, kana kwamba umezima ufunguo. Petroli ikikosekana hukohoa na kushtukashtuka kwanza.

Hatua ya pili ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Tafuta taa ya volti 12, wati 5, pamoja na soketi yake. Waya mmoja wa taa uufunge kwenye koili, pale palipoandikwa 15 panapoingia waya mweusi, uuingize ndani ya gari kupitia dirishani, na taa uifunge mahali unapoiona ukiendesha. Waya wa pili uubane kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Karibu kabisa na koili weka fyuzi ya ampea 2, usiiruke hiyo: waya wa koili haukuwekewa fyuzi kiwandani, na huu wako ukichubuka ukagusa bodi unaweza kuunguza nyaya zote zinazokwenda mbele. Halafu endesha kama kawaida. Injini ikifa na taa ikazimika, umeme haufiki kwenye koili. Injini ikifa na taa ikabaki inang'aa, achana na nyaya za mbele, nenda kwenye distributa. Ikififia bila kuzimika, kuna kiungo kinachopitisha umeme kwa shida.

Mita ya kupimia ni nzuri, ila usiiamini ikiwa waya haujapewa kazi. Waya uliobaki uzi mmoja wa shaba bado utasoma volti 12.6 safi, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Koili inavuta kama ampea 3 au 4, na hapo ndipo ubovu unapojitokeza. Kwa hiyo pima hivi. Zungusha puli ya injini kwa mkono mpaka kontakti za distributa, yaani vile vidomo viwili vinavyokata na kuunga umeme wa koili, zifunge, washa swichi, weka mita kwenye volti za DC. Waya mwekundu wa mita uguse kichwa chanya cha betri, mweusi uguse ile 15 ya koili. Kinachosomwa ni volti zinazopotea njiani. Chini ya nusu volti ni njia nzuri, ikizidi volti 1 kuna mahali pameoza. Uache waya mwekundu kwenye betri, na huu mweusi uurudishe nyuma kiungo kimoja kimoja: waya unapotoka kwenye swichi, unapoingia kwenye swichi, kisha zaidi kuelekea betri. Pale hesabu inaposhuka ghafla, kosa liko kati ya sehemu hiyo na ile uliyotoka kuipima. Mtu mmoja atikise nyaya na funguo huku wewe unaitazama mita. Usiiache swichi imewashwa zaidi ya dakika moja au mbili, koili inachemka.

Na kishada cha funguo kipunguze. Kikining'inia na kuchezacheza barabara mbovu, kinazidi kuichosha swichi ambayo kontakti zake zimeshalika.

Sasa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, ambayo huku pwani ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu ya chumvi. Injini na giaboksi vimekaa juu ya raba, kwa hiyo umeme wake wa kurudi unapita kwenye mkanda wa shaba uliosukwa, unaotoka mbele ya giaboksi hadi kwenye bodi. Ingia chini uutazame. Ukiwa wa kijani au umekatika nusu, stata inakuwa nzito, na umeme unatafuta njia nyingine kupitia kebo ya klachi na ya eksileta, ambazo hupata moto. Pima pia: waya mmoja wa mita kwenye chuma kitupu cha injini, mwingine kwenye kichwa hasi cha betri, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.3, fungua ncha zote mbili za mkanda na zile za betri, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake mafuta ya mgando juu yake.

Kama taa yetu ilibaki inawaka, fungua kofia ya distributa. Ndani kuna waya mwembamba unaokwenda kwenye kontakti. Sahani inayoshika kontakti husogea kila unapokanyaga mafuta, na huo waya hupindwa na kupindwa mpaka unakatika ndani ya ganda lake. Kwa nje unaonekana mzima. Uvute taratibu kwa vidole viwili: ukinyooka kama mpira, shaba imeshakatika. Halafu nyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo ili sahani isogee, huku mita inapima mwendelezo wa waya huo. Mlio wa mita ukikatika, umempata mwizi. Nafasi ya kontakti iwe milimita 0.4, na kondensa ukiibadilisha usitupe ya zamani mpaka uhakikishe mpya inafanya kazi, kwa maana mpya nyingi za siku hizi hazidumu.

Fyuzi za gari lako ni zile zenye ncha mbili zilizochongoka, nyeupe ampea 8, nyekundu ampea 16. Zungusha kila moja kwa vidole, kutu itakwanguka. Fyuzi iliyoungua usiifunge kwa karatasi ing'aayo ya sigara hata siku moja, tanki la petroli liko hapo mbele.

Ukikuta waya mbovu, ukate mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita tano ndani. Bana kiungo kwa koleo la kubania. Usilehemu kwa risasi mahali panapotikisika, huwa pagumu na kukatika pembeni yake. Kabla ya kazi yoyote nyuma ya dashibodi, ondoa kichwa hasi cha betri. Na ukiwa hapo chini ya kiti cha nyuma, hakikisha betri ina kifuniko. Springi za kiti zikigusa vichwa vyake mtu akikaa, kiti kinashika moto.

Niandikie taa ilifanya nini injini ilipokufa, na mita ilisoma ngapi kwenye koili na kwenye athi. Nikipata hayo majibu matatu nitakuambia ufungue wapi. Salamu kwa mama watoto na wote nyumbani.

Wako,
Bakari