Mwanangu, lile gari libomoe tu

Mwanangu mpenzi,

Naona lile gari la lego, yale matofali madogo ya plastiki ya kuunganisha, umelipandisha juu ya kabati, hutaki mtu aliguse, hata wewe mwenyewe huligusi tena, kisa ulifata kitabu cha maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho na sasa unaogopa ukilibomoa halitarudi vile. Nakuelewa babaangu na kazi uliifanya vizuri sana, ila hayo matofali nayapenda kuliko midoli mingine yote na roho inaniuma kuyaona yamekaa tu yanapigwa vumbi.

Chukua lile tofali la vinundu nane uligeuze chini juu. Unaona vile vibomba vitatu ndani? Sasa likandamize juu ya lingine taratibu mpaka usikie "tk", hapo vinundu vya la chini vimebanwa kati ya vibomba na kuta za la juu, kila kinundu kimeshikwa sehemu tatu, hamna gundi hamna msumari, na bado ukivuta linaachia bila kuvunjika. Yani limetengenezwa lishike na liachie, yote mawili. Matofali ya kwanza ya kampuni ya Lego, ya mwaka 1949, yalikuwa matupu ndani na hayashikani vizuri, ndo maana Godtfred Kirk Christiansen kule Denmark akaja na hivyo vibomba na kuomba hataza, yani haki ya kulinda ubunifu wake, tarehe 28 Januari 1958. Tofali la mwaka huo ukiliokota leo linaingia vizuri tu kwenye lako!

Baba yake Godtfred, mwanzilishi wa hiyo kampuni, alikuwa seremala, Ole Kirk, wa mji mdogo unaitwa Billund, alianza kuchonga midoli ya mbao mwaka 1932. Karakana yake iliungua 1942 akajenga upya, baadae akanunua mashine ya kuunda plastiki wakati watu wengi bado wanaamini mdoli wa maana ni wa mbao. Huyo mzee nampenda sana.

Alafu kuna hii hesabu, isome polepole. Matofali mawili ya vinundu nane, rangi moja, yanaunganika kwa njia 24. Ukiongeza la tatu zinakuwa 1,060. Yakifika sita tu, matofali sita mwanangu, njia ni 915,103,765. Na gari lako lina mamia ya vipande, kitabu kimekuonyesha njia moja tu kati ya zote hizo, nzuri ndio, lakini moja.

Kwa hiyo libomoe. Kitabu kitunze, ukilikumbuka gari utalijenga tena siku yoyote. Usivute kwa meno, yanaacha alama na kipande kikishakwaruzika hakipendezi tena, vile bapa vilivyonasiana tumia kile kidude cha kubandulia kilichokuja kwenye boksi. Anza kutoa magurudumu. Na mdogo wako mshirikishe, ila vipande vidogo asivishike bado maana kila kitu anapeleka mdomoni, mpe yale makubwa ya Duplo, lego za watoto wadogo, yana ukubwa mara mbili ya yako kila upande na yalipimwa makusudi ili tofali lako likae juu ya lake. Yeye ajenge chini wewe uendelee juu, na mkiamua kitu gani mnajenga msiniambie, nataka nikisie mwenyewe.

Nakupenda sana,
Mama