Mgeni wetu hali kondoo

Kampala, Novemba

Bibi mpendwa, shikamoo. Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Hela ya dawa nimempa binamu, atakufikishia.

Sasa la mgeni. Yule mwenzangu wa kazini ninayekuja naye mwezi ujao hali kondoo. Najua utauliza, "Kwani akila anavimba?" Havimbi, wala hawashwi. Siku hizi neno mzio tumewaachia madaktari: una mzio wa dawa gani, basi. Huu ni ule mzio wako wa zamani, yaani mwiko wa chakula, kama wa marehemu babu na pweza. Hakumdhuru kitu, ila kwao hawamli.

Waganda wanauita muziro, na ndio unaotaja ukoo. Koo zao zinapita 50, kila mmoja na wake: tumbili, nyati, uyoga, hata panzi. Mtoto hufuata wa baba, na wenye muziro mmoja ni ndugu, hawaoani hata kama wamejuana jana.

Mwezi huu ndio wa kuliona jambo lenyewe. Senene, wale panzi wa kuliwa, wamejaa sokoni. Novemba kwa Kiganda ni Museenene, mwezi wao. Akina mama wamekaa na mabeseni, wananyonyoa mbawa na miguu huku wakipiga soga, vidole vinajiendea vyenyewe. Wakikaangwa, mafuta yanatoka humo humo mwilini mwao. Unatia kitunguu na chumvi tu. Ofisi nzima tunatafuna, isipokuwa dada mmoja wa ukoo wa Nsenene. Kifuko kikimfikia anakipokea, anampa jirani, na mazungumzo yanaendelea. Hakunji uso wala hahubiri. Wapo vijana wa mjini wanaocheka mambo hayo, na wengine wanakula kila kitu. Mimi yule dada namwonea wivu kidogo.

Mgeni wetu basi ni wa Ndiga, yaani kondoo, na muziro wake wa pili, akabbiro, ni simba. Simba hanitii wasiwasi, hapo Tanga hapikwi. Anayenitia wasiwasi ni Baba Mdogo, maana mgeni akija lazima achinje, na bandani nilimwacha na dume la kondoo. Mwambie achinje mbuzi, na nyama zisichanganywe kwenye pilau. Akiuliza, mwambie ni mzio, ataelewa. Ila asije akamshika mgeni mkono na ile yake ya "onja tu kidogo", namjua.

Samaki anakula wote, na pweza ana hamu naye sana.

Mjukuu wako