Paa la makuti kabla ya masika

Pangani

Sahibu yangu Bakari,

Asalaam alaikum. Huku tu wazima, mama anakusalimu sana na anawaulizia watoto.

Nimepata habari za nyumba ya marehemu baba yako kuvuja, na kwamba fundi wako anakushauri uezeke kwa bati. Nakuomba usiiezue bado, wala usitandike turubai juu ya makuti. Makuti hudumu kwa kukauka upesi. Ukiyafunika, unyevu unabaki chini ya turubai, na masika yakiisha utakuta yameoza.

Kwanza tafuta tundu. Unasema maji yanadondoka kitandani, lakini tundu huenda liko mbali na hapo. Maji yakipenya hufuata ufito, yakashika upau, ule mti unaobeba paa, yakateremka nao mpaka yapate fundo la kamba, ndipo yadondoke. Ingia chumbani mchana wa jua kali, funga madirisha, ngoja macho yazoee giza, kisha tazama kuanzia pale panapodondoka ukipanda kuelekea mwambani, yaani kwenye mti wa juu kabisa wa paa. Vitone vidogo vya mwanga achana navyo. Mwanga ukijipanga mstari, hapo kuti limekwisha. Chomeka kijiti kitokeze nje, ili ukiwa juu upajue.

Ukiwa humo humo ndani, kagua na pau. Zichome kwa ncha ya kisu, na kama sakafuni kuna unga unga, bungua, wale wadudu watoboao miti, wameingia. Upau uliochoka hubonyea, paa likafanya bonde, na bondeni maji hutuama. Hapo hata ukitia makuti mapya litavuja tu. Funga boriti ya mkoko ubavuni mwa ule upau kabla hujagusa kuti hata moja. Jikoni kwa mama pau ni nzima hadi leo kwa sababu ya moshi, za vyumbani tumeshazibadilisha.

Makuti nunua ya viungo, yaani yaliyoshonwa kwenye ufito. Ya kumba, yale yaliyosukwa, ni ya ua, na ya kufunika mgongo wa paa. Usikubali kuchukua mzigo kabla hujashika kuti moja kwa ufito wake ukalitikisa. Majani yakiteleza pembeni, lilishonwa kwa haraka, mwachie mwenyewe. Kuti zuri majani yake yamebanana, kila moja limempandia mwenziwe, na mshono umekaza toka ncha hadi ncha.

Siku ya kazi usikanyage makuti. Laza ngazi juu ya paa, ifunge mwambani, uzito wako ubebwe na pau. Yanyunyizie maji yale ya zamani yalainike, yasije yakavunjika. Awepo mtu ndani na mtu nje. Wa nje anainua safu ya juu kwa ubapa wa panga na kuishikiza kwa kijiti, wa ndani anakata kamba za kuti bovu. Likitoka, lisukume jipya mpaka ufito wake uingie vizuri chini ya safu ile ya juu, kisha wa ndani alifunge. Zikiwa safu kadhaa, anza chini upande juu. Pima pia nafasi kati ya safu na safu: sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Walioezeka kwa kubana matumizi huziachanisha zaidi, na mvua ya masika haisamehe.

Mgongoni ndipo wengi hulipua kazi. Kusi, ule upepo wa kusini, linaanza pamoja na masika, nalo hufunua. Anza kulaza makuti ya mgongo kwenye ncha iliyo mbali na upepo, ili midomo yake isiukabili.

Kama kuti la zamani linageuka vumbi mkononi, na la jirani yake vivyo hivyo, hapo viraka havitasaidia, ezua kipaa hicho chote, yaani upande huo mzima wa paa.

Ile baraza iliyoongezwa nyuma ni habari nyingine, na hapo nakubaliana na fundi wako. Makuti yanataka mwinuko wa nyuzi 45 hivi, maji yateremke kabla hayajanywewa na majani, na paa la baraza ile limelala mno. Liezeke kwa bati. Nyumba yenyewe iache na makuti yake, baba yako aliinua kipaa kile kwa kukusudia, na ndiyo maana chumbani mnalala bila feni.

Niambie siku utakayoanza. Nikipata nafasi nitakuja na kamba za usumba za kutosha, mimi nikae ndani nifunge, wewe uwe juu.

Sahibu yako,
Omari