Tusiitumie mitandao ya kijamii kuwaita wateja tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo naona linasahaulika kila inapojadiliwa faida ya mitandao ya kijamii kwa wenye biashara ndogondogo. Ushauri tunaopewa, katika semina na hata magazetini, hauendi mbali zaidi ya kutafuta wafuasi: piga picha nzuri, weka tangazo kila siku, wajibu wateja upesi. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila mteja ni upande mmoja tu wa biashara, na upande wa pili, yaani wenzetu wanaofanya kazi zinazofanana au kukaribiana na zetu, tumeupa kisogo, ilhali huko ndiko mitandao ilikonifaa mimi kuliko kwingine kote.

Nina karakana ndogo ya uchapaji. Miaka kadhaa iliyopita mashine yangu ya kukatia karatasi iliharibika nikiwa na kazi ya kalenda iliyokwisha kuchapwa na iliyokuwa ikisubiri kukatwa tu, na fundi akanieleza kwamba kipuri kingechukua zaidi ya wiki moja kufika. Niliandika katika kundi la WhatsApp la wachapaji, kundi ambalo, nikiri, nilikuwa nimelinyamazisha kwa miezi mingi, nikaeleza tatizo langu na tarehe niliyomwahidi mteja. Aliyenijibu ni mtu niliyekuwa nikimhesabu kuwa mshindani wangu wa karibu kabisa. Alinikaribisha nikate karatasi zangu kwake usiku, baada ya kazi zake kumalizika, na hakutaka malipo yoyote isipokuwa gharama ya umeme na ujira wa kijana aliyebaki kunisaidia. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini alijibu yeye na si wale wengine zaidi ya mia mbili waliousoma ujumbe ule. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuliza katika kundi hilohilo namna ya kuzuia wino mbichi usigandie mgongo wa karatasi inayofuata, nami nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, kisha nikasahau. Yeye hakusahau.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatazama makundi yetu kwa jicho jingine, na ninaona mengi yanakufa kwa ugonjwa mmoja: kila mwanachama anawatangazia wenzake bidhaa ambazo wenzake nao wanaziuza. Ni soko la wauzaji watupu. WhatsApp sasa inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, nasi tumeichukua idadi hiyo kana kwamba ni lengo la kufikiwa. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, alikadiria katika miaka ya 1990 kwamba binadamu huweza kudumisha uhusiano wa kweli na watu wapatao 150 tu. Wapo wataalamu wanaobishana naye juu ya idadi hiyo, lakini mtu aliyewahi kusimamia kundi la watu mia tano hatabishana naye sana. Kundi letu lilipogawanywa, tukabaki watu wasiozidi arobaini wanaojuana kwa majina na kwa aina ya mashine walizo nazo, maswali yalianza kupata majibu, na watu wakaanza kukiri waziwazi kwamba jambo fulani hawalijui, jambo ambalo mfanyabiashara halifanyi mbele ya umati.

Hata hivyo, si vizuri tukajifungia katika fani moja. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu waliopata kazi kupitia kwa mtu fulani, mara nyingi waliipata kupitia kwa yule wasiyekutana naye mara kwa mara, kwa kuwa rafiki wa karibu hujua yaleyale tunayoyajua sisi. Utafiti uliofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, na kuchapishwa mwaka 2022 uliliunga mkono wazo hilo, ingawa uliongeza kwamba uhusiano uliosaidia zaidi ni ule wa wastani, si ule uliolegea kabisa. Ndiyo maana nawashauri wachapaji wenzangu wafuatilie Instagram kurasa za washonaji wa mabegi, wapiga picha na wauzaji wa vifaa vya ofisi, na chini ya kazi zao waandike neno lenye maana badala ya kuweka alama ya kidole gumba na kupita. Kazi yangu kubwa kuliko zote mwaka jana ililetwa na mpiga picha ambaye tulikuwa hatujaonana ana kwa ana hata siku moja.

Nina tahadhari moja ambayo viongozi wa makundi wanaichukulia kirahisi mno. Washindani wakishazoeana, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajapendekeza kwamba wote wapandishe bei kwa pamoja, au wagawane wateja kwa maeneo, na pendekezo hilo huja kwa lugha tamu ya umoja. Katika nchi nyingi sheria za ushindani zinakataza makubaliano ya aina hiyo, na ujumbe wa kundi ni ushahidi uliojiandika wenyewe, wenye jina, tarehe na saa. Kushauriana juu ya mashine, mafundi, wauzaji wa karatasi na namna ya kuandika mkataba hakuna ubaya wowote. Bei kila mtu aipange mwenyewe. Wale wanaotundika picha za wadeni wao kundini nao wajiulize ni nani atakayejibu mahakamani ikiwa picha ni ya mtu asiyehusika.

Nawakumbusha pia wenzangu waandike namba za simu daftarini. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita, na wapo tuliogundua siku ile kwamba watu tuliowaita washirika hatuna njia nyingine yoyote ya kuwapata.

Kuna swali moja ambalo kundi letu halijalimaliza, na nitashukuru kama wasomaji wako wenye uzoefu wataliandikia. Kazi inaponizidi humwelekeza mteja kwa mchapaji mwenzangu, naye hunifanyia vivyo hivyo. Je, mteja huyo akirudi mara ya pili, ni wa nani? Wengi wetu tulikubaliana kwamba mteja ana hiari ya kwenda anakotaka, na kwamba anayepokea kazi atamjulisha aliyemwelekeza. Wanachama wanne walitaka kamisheni kwa kila kazi itakayofuata, na walipokosa kura za kutosha wakajitoa. Wawili kati yao walikuwa ndio waliokuwa wakijibu maswali mengi kuliko sisi sote.

Mchapaji, msomaji wako wa siku nyingi