Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Askari Apate Kiwanja Kabla ya Kustaafu

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Nachingwea, mkoani Lindi, mji ambao katika miaka ya 1960 na 1970 uliwapokea wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, waliokuja kufundishwa, na ambao hadi leo unaishi bega kwa bega na jeshi. Mimi ni mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Nakuandikia kuhusu makazi yetu, hasa kile kipindi kigumu askari anapokabidhi kota ya kambini na kurudi uraiani.

Serikali inastahili shukrani kwa mradi wa nyumba za wanajeshi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kulenga nyumba 10,000, kwa kuwa uliwaondoa wenzetu wengi katika vyumba vya kupanga. Hata hivyo, nyumba ya kambini, iwe nzuri kiasi gani, ni mali ya jeshi, na utumishi ukikoma hurudishwa. Utaratibu huo ni wa haki, kwani kijana anayeripoti kikosini leo naye anahitaji pa kulala. Linaloumiza ni kwamba mtumishi wa kiraia hufanya kazi hadi miaka 60, ilhali askari wengi wa vyeo vya chini huondoka mapema zaidi, watoto wakiwa bado shuleni, baada ya maisha ya uhamisho ambayo hayakumpa mtu nafasi ya kusimamia hata msingi wa nyumba.

Ndipo kiinua mgongo kinapoingia, na kila jambo linakidai kwa wakati mmoja. Mstaafu hununua kwa haraka eneo la pembezoni ambalo halijapimwa, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na baadaye hujikuta kwenye baraza la ardhi akigombania eneo ambalo muuzaji aliliuza kwa watu wawili. Aliyesalimika na hilo huanza kujenga, lakini fedha humwishia kwenye lenta. Maboma ya namna hiyo yapo, Mheshimiwa, na mvua zetu za kuanzia Desemba huyala tofali baada ya tofali kwa sababu hayakupauliwa. Mkopo wa benki wa kujengea nao ni mgumu kuupata bila hati ya kuweka rehani.

Hali ya mjane ni nzito zaidi, na naomba uitazame kwa jicho la pekee. Askari akifa akiwa kazini, kama walivyokufa vijana wetu kule Semuliki, mashariki mwa Kongo, mwezi Desemba 2017, familia yake hupewa heshima zote za mazishi, na heshima hizo tunazithamini sana. Lakini kota ilitolewa kwa sababu ya utumishi wake marehemu, hivyo ipo siku mama huyo atalazimika kufunga mizigo pamoja na watoto, na kama hakukuwa na kiwanja, atarudi kwa wazazi wake au kwa wakwe.

Ombi langu ni kwamba wizara yako ikubaliane na halmashauri zenye vikosi, kwa kuanzia Nachingwea na Manispaa ya Mtwara-Mikindani, zitenge na kupima viwanja ambavyo askari atavilipia kidogo kidogo kupitia mshahara tangu miaka yake ya mwanzo jeshini, na hati itoke kwa majina ya mume na mke. Kulipia kiwanja kwa miaka mingi ni mzigo ambao hata askari wa cheo cha chini anaweza kuubeba. Kununua kiwanja na kujenga kwa mkupuo mmoja siku ya kustaafu ndiko kunakomshinda. Kwa sisi tuliokwisha kutoka, naomba urasimishaji wa makazi, yaani kupimiwa na kupewa hati za maeneo tuliyokwisha kujenga, utufikie pale tulipo, na orodha yetu inaweza kuandaliwa kupitia Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania.

Naomba jibu lako lipitie kwa wakuu wa mikoa ya Lindi na Mtwara, ambao ndio wenyeviti wa kamati za usalama za mikoa, ili upimaji uweze kuingizwa katika bajeti ijayo ya halmashauri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mstaafu wa JWTZ,
Nachingwea, Lindi